Gari Lilale Baridi

Hafsa hufungua duka lake la mapambo saa moja na nusu asubuhi. Duka liko Mtendeni, Tabora mjini, kwenye kona yenye vumbi jingi kiangazi na tope jingi masika. Akishafagia kibaraza, hutoa nje maua ya kitambaa, utepe na mapazia ya harusi, akayapanga mbele ya mlango. Mumewe, Lukumani, hukaa upande wa pili wa duka hilohilo na cherehani yake. Anashona suti na kanzu za mabwana harusi. Wateja wengi huja kwa mke, wakaishia kupimwa na mume.

Nyuma ya nyumba yao kuna maturubai mawili makubwa na viti mia mbili vya plastiki. Hivyo ndivyo vinavyowalisha. Wa harusi, wa hitima, wa mahafali, wa mikutano ya kanisa, wote hukodi viti kwa Hafsa. Viti hivyo ndivyo vinavyomsomesha binti yao, Mwamvita, aliye kidato cha pili.

Lakini mwaka huu Lukumani alikuwa na jambo moyoni. Maharusi wa siku hizi wanataka kubebwa na gari la spoti. Ni lile fupi, la milango miwili, linalokaa chini karibu na barabara na kunguruma hata likiwa limesimama.

"Jana tumekosa harusi nyingine," Lukumani alimwambia mkewe asubuhi moja. "Bwana harusi kaniuliza, gari la spoti mnalo? Nikamwambia tunaweza kumtafutia la milango minne. Akaniangalia kama nimemwambia tuna punda."

"Basi tununue," Hafsa alisema kwa utani.

Lukumani hakucheka. Aliacha kushona. "Yule bwana wa Igalula bado anataka viti vyetu na maturubai. Anataka vyote. Tukiongeza na akiba yetu, gari tunalipata. Anataka jibu Ijumaa."

"Tuuze viti vyote?"

"Tukishauza, gari ndilo litakuwa viti vyetu."

"Na likiharibika?"

"Gari la spoti halijengwi kwa mabati ya kuezekea, Mama Mwamvita. Haliharibiki ovyo."

Msomaji wangu, kauli hiyo imeshawafilisi watu wengi, tena wenye akili zao. Lakini tusimcheke Lukumani mapema.

Jumanne asubuhi gari lenyewe, ambalo Lukumani alisikia linauzwa, lilikuja mpaka mlangoni. Lilikuwa jekundu, limeoshwa, limepakwa mafuta hadi kwenye matairi. Aliyeliendesha alikuwa Majidi, muuza vitenge wa mtaa wa pili.

Majidi ni Mzaramo. Ameishi Tabora miaka kumi na mitano, lakini kwa Wanyamwezi kama Hafsa na Lukumani atabaki kuwa mtani tu. Wazaramo na Wanyamwezi wamekuwa watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipotembea kutoka Tabora hadi pwani. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele za watu nawe ukacheka. Hata msibani, anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, usikipate mpaka ukikomboe. Kumkasirikia mtani ni aibu, na anayekasirika huambiwa hakulelewa.

"Mwangaluka, watani!" Majidi alisalimia kwa Kinyamwezi chake cha sokoni. "Nimewaletea kitu ambacho babu zenu hawakukiona."

Alifungua boneti. Injini ilikuwa inang'aa. Hakukuwa na vumbi wala tone la oili. Hafsa alivutiwa sana. Alitoa simu akapiga picha, moja ya gari na nyingine ya injini, aziweke mtandaoni.

Hapo ndipo Hafsa alipokosea, na kosa lake lilikuwa la mpambaji. Yeye hupenda kitu kinachong'aa. Alipaswa kukumbuka kwamba yeye mwenyewe, kiti kikiwa na ufa, hukivisha kitambaa cheupe na kukifunga utepe.

Lukumani aliuliza, "Limetembea sana hili?"

"Wanyamwezi nanyi!" Majidi alipiga kofi. "Babu zenu walitoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu, na pembe za ndovu begani. Leo mnaliuliza gari limetembea kiasi gani?"

Watu waliokuwa kibarazani walicheka. Lukumani alicheka pia.

Hafsa alishika boneti, akarudisha mkono haraka. "Mbona ni ya moto hivi? Si umetoka mtaa wa pili tu?"

"Limesikia linaletwa kwa Wanyamwezi, likapata homa!"

Wakacheka tena.

"Lakini injini haina matatizo?" Lukumani aliuliza.

"Matatizo anayo mteja asiye na hela!"

Walicheka mpaka mama mmoja akajishika mbavu. Kisha Majidi akampakia Lukumani, wakazunguka sokoni na kurudi. Haikufika dakika tano. Lukumani alishuka anatabasamu kama kijana aliyekubaliwa posa. Alimpa Majidi mkono. "Ijumaa tunamalizana."

Jioni Hafsa alikuwa anasonga ugali. Lukumani alikaa karibu na mlango wa jiko, bado anazungumzia usukani.

"Baba Mwamvita," Hafsa alisema, "leo tumemuuliza Majidi maswali mangapi?"

"Matatu."

"Ametujibu mangapi?"

Lukumani alifikiri. "Tumecheka," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Mara tatu."

"Sasa nifanyeje? Yule ni mtani. Nikimbana ataona simwamini. Mji mzima utasema Lukumani hajui utani."

Hafsa alipakua ugali. Alikuwa na hofu. Aliwaza viti vinapakiwa kwenye lori. Aliwaza ada ya Mwamvita. Usiku alipolala bado alihisi joto la boneti kwenye kiganja.

Kesho yake, Jumatano, alipanda bodaboda hadi kwenye gereji ya fundi Veneranda, njia ya kuelekea Kipalapala. Veneranda ni mama wa miaka hamsini na kitu. Watu humwita Mama Koleta. Alisomea ufundi wa magari wakati wasichana wenzake wanasomea ukarani, na hajawahi kuomba radhi kwa hilo. Ana tabia moja. Hazungumzi injini ikiwa inanguruma. Huizima kwanza, akafuta mikono, ndipo akakusikiliza.

"Shikamoo, Mama Koleta."

"Marahaba, Hafsa. Habari za maua?"

"Nzuri. Leo nimekuja na habari za gari."

Alimweleza yote. Veneranda alisikiliza huku anakunywa uji kutoka kwenye chupa ya chai. Hafsa alipofika kwenye boneti ya moto, Veneranda aliweka kikombe chini.

"Lilikuwa la moto hivyo, na limetoka mtaa wa pili tu?"

"Ndiyo."

"Hapo lazima uulize mara mbili. Inawezekana alikuwa na safari zake. Inawezekana pia alilipasha moto makusudi. Injini ikishapata moto inaficha mengi. Inawaka upesi, kelele zinapungua, moshi wa kwanza umeshapita. Mgonjwa akimeza dawa ya homa kabla ya kuja hospitali, daktari atapima homa gani?"

"Kwa hiyo gari lake ni bovu?"

"Sijasema hivyo. Sijaliona. Una jina la injini?"

"Injini ina jina?"

Veneranda alicheka. "Kila aina ya injini ina jina lake, herufi na namba. Na kila aina ina ugonjwa wake unaojulikana. Nyingine inakula oili. Nyingine inakata mkanda wa ndani. Magari ya spoti ndiyo zaidi, kwa sababu yanakimbizwa, na injini yake inafanya kazi kwa joto kali. Mnunuzi mwenye busara anatafuta kwanza ugonjwa wa ukoo, halafu anakwenda kuangalia kama na huyu anao."

Hafsa alikumbuka picha. Alitoa simu. Veneranda aliikuza kwa vidole viwili mpaka pembeni kikaonekana kibati kidogo chenye maandishi.

"Umefanya la maana bila kujua," alisema. Aliandika herufi na namba kwenye kipande cha boksi. Kisha alimpigia simu Erasmus, fundi mwenzake wa Mwanza anayetengeneza magari ya spoti. Walizungumza kwa muda. Veneranda alikuwa anaitikia tu, "Ehe. Ehe. Na gasketi?"

Alipokata simu, alimgeukia Hafsa. "Injini hii si mbaya. Ikitunzwa inadumu. Lakini ina magonjwa mawili. Wa kwanza, inakula oili ikizeeka. Wa pili ndio mkubwa. Ikichemshwa mara moja tu, gasketi ya juu inaungua."

"Gasketi ndiyo nini?"

Veneranda aliweka kiganja juu ya kiganja. "Mkono huu wa chini ni injini. Huu wa juu ni kifuniko chake, tunakiita hedi. Katikati kuna karatasi ngumu ya chuma. Hiyo ndiyo gasketi. Inazuia maji, oili na moto wa injini visiingiliane. Ikiungua, maji yanaingia pasipo pake. Gari linaweza kwenda sokoni na kurudi vizuri kabisa. Ukilipeleka safari ya nusu saa, linachemsha."

"Sisi tulikwenda sokoni na kurudi."

"Ndiyo maana nakwambia. Tunahitaji kulikuta likiwa limelala, halijawashwa tangu jana. Mwambie aliache lilale baridi, tuje asubuhi."

"Hatakubali. Atatania tu."

Veneranda alimtazama. "Kwani wewe si mtani wake? Au utani wa kwenu unakwenda upande mmoja?"

Hafsa akaanza kucheka peke yake, mpaka mwenye bodaboda akageuka kumtazama.

Alasiri ya siku hiyo Majidi alikuwa kwenye baraza la duka lake, anakunywa kahawa na wazee wanne. Gari lilikuwa limeegeshwa ukutani. Ufunguo ulikuwa juu ya meza, kando ya sahani ya kashata. Ulikuwa mmoja tu, kama ilivyo kwa magari mengi yaliyokwisha kutumika.

Hafsa aliwaamkia wazee. Kisha akasimama mbele ya Majidi, mikono kiunoni.

"Mtani, jana umewataja babu zangu."

"Nimewataja, na leo nitawataja!"

"Vizuri. Babu zangu walibeba mizigo mpaka kwenu. Babu zako wakawapokea kwa ngoma. Wakacheza mpaka kukakucha, na kulipokucha mzigo ukawa umepungua. Leo nimekuja kuchukua cha kwetu." Akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la khanga.

Wazee waliangua kicheko. Majidi alicheka kuliko wote. Alipomaliza, alinyoosha mkono. "Haya, mtani, lete."

"Sileti. Kesho saa moja asubuhi utaukomboa. Na sitaki pesa. Kikombozi chake ni kuniacha na fundi wangu tulitazame gari lako, likiwa limelala baridi."

"Mtani, nina safari asubuhi."

"Safari ya wapi?" mzee mmoja aliuliza. "Si umetwambia kesho unapokea mzigo wa vitenge?"

"Mtani akishika, ameshika," mwingine akasema. "Ndiyo mila."

Majidi alitazama gari, akatazama pindo la khanga. Aliendelea kucheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungua chumvi. Hakuweza kukasirika. Angekasirika vipi, na yeye ndiye aliyeanza?

Lukumani aliposikia aliona haya. "Umemwaibisha mtu mbele ya wazee!"

"Nimemtania mbele ya wazee," Hafsa alijibu. "Baba Mwamvita, gari likiwa zima atacheka yeye, nami nitampikia pilau. Likiwa bovu, je, bora aibu yake ya siku moja au yetu ya miaka?"

Lukumani alishika tepu yake ya kupimia, akaizungusha kidoleni. "Kitambaa nakipima kabla ya kukata," alisema polepole. "Sijui kwa nini gari nilitaka kulikata bila kulipima."

Alhamisi saa moja asubuhi walikuwa wote ukutani kwa Majidi. Veneranda alikuja na sanduku la spana na tochi. Alisalimia, kisha akaweka mgongo wa mkono juu ya boneti, kama mama anavyompima mtoto homa.

"Baridi," alisema. "Sasa tunaweza kuongea na injini."

Alichukua ufunguo kwa Hafsa, akafungua boneti, akampa daftari aandike. Kwanza aliomba kadi ya gari. Alilinganisha namba ya injini kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Zilifanana. "Hapo ni safi. Wako wanaouziwa gari lenye injini ya gari jingine."

Kisha alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa mpya, rangi ya asali. "Ulibadilisha oili lini?"

"Juzi," Majidi alisema.

"Iliyotoka ilikuwa kiasi gani?"

Majidi alikuna kichwa. "Kidogo."

"Oili mpya si kosa. Lakini andika, Hafsa, amebadilisha juzi."

Alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza. Ndani kulikuwa na utando mzito, mweupe kama maziwa mgando. Alimwonyesha Lukumani. "Hii inatokea oili ikikutana na maji. Peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Hata gari la safari fupifupi linaweza kupata kidogo. Tuendelee."

Akafungua kifuniko cha rejeta, tangi la maji ya kupoza injini. "Hapa nafungua kwa sababu ni baridi. Msithubutu kufungua rejeta ya moto. Maji yanaruka na kukuunguza uso. Nimeona mtu amepoteza jicho." Aliangaza tochi. Maji yalikuwa ya kahawia, na juu yake kulikuwa na mng'ao wa mafuta. "Rejeta inatakiwa iwe na dawa yake, ile ya rangi. Haya ni maji ya bomba yenye kutu."

Majidi alikuwa ameanza kutafuta neno la kuchekesha. Lilikuwa halijapatikana.

"Lukumani, njoo. Zungusha ufunguo kidogo, usiwashe. Taa gani zimewaka kwenye dashibodi?"

"Ya betri. Ya oili. Ya breki."

"Na ile yenye picha ya injini?"

"Haipo."

"Inatakiwa iwake sasa, izimike gari likishawaka. Isipowaka kabisa, usifurahi. Ama imeungua, ama mtu ameing'oa ili isiseme."

Kisha akamwambia awashe, kifuniko cha rejeta kikiwa bado wazi. Injini ilikohoa, ikawaka. Moshi mweupe ulitoka kwenye bomba.

"Tabora asubuhi ina ubaridi," Veneranda alisema. "Mvuke kidogo ni kawaida, unakwisha baada ya dakika chache. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe usiokwisha ni maji." Walisubiri. Moshi haukwisha. Kwenye mdomo wa rejeta maji yalikuwa yanatoa povu, viputo juu ya viputo, mfululizo.

"Hewa ya injini inaingia kwenye maji. Ni dalili ya gasketi kuungua," Veneranda alisema. Alizima gari, akafunga rejeta. "Majidi ndugu yangu, niruhusu niliendeshe kidogo, wote tuone. Nikiona dalili nasimama."

Majidi aliitikia kwa kichwa.

Kwa kuwa viti vya nyuma vilikuwa vidogo, Hafsa na Majidi walifuata kwa bodaboda. Veneranda aliendesha taratibu kuelekea Kipalapala. Lukumani alikaa pembeni yake, macho kwenye mshale wa joto.

"Mshale uko wapi?"

"Chini kabisa. Si vizuri hivyo?"

"Hapana. Baada ya dakika kumi unatakiwa ufike karibu na katikati, utulie hapo. Ukibaki chini, kuna jambo. Kuna kifaa kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Kinaitwa themostati. Nadhani kimetolewa. Wako mafundi wanaokitoa gari likichemsha. Maji yanazunguka bila kuzuiwa, gari linaonekana limepona kwa safari fupi. Ugonjwa uko palepale."

Walipokaribia Kipalapala mshale uliinuka. Ulifika katikati. Haukutulia. Veneranda alisimamisha gari pembeni na kulizima. Chini ya boneti maji yalisikika yakichemka ndani ya chupa ya akiba.

"Hakuna kugusa," alisema. "Tunasubiri."

Lukumani alishuka. Akilini aliviona viti mia mbili vimepakiwa kwenye lori kwenda Igalula, na yeye yuko kando ya barabara na gari jekundu lisilokwenda. Alikaa kwenye nyasi na suruali yake nzuri.

Bodaboda ilifika. Hafsa aliona mumewe, akaelewa. Alikwenda akakaa karibu naye. Hakumwambia "nilikwambia". Alimshika mkono tu.

Majidi alisimama mbele yao. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakuwa na mzaha.

"Mtani," Hafsa alisema, "ufunguo nimeukomboa kwako au wewe kwangu, sijui tena. Lakini sema kweli. Mtani ndiye anayeweza kusema kweli bila mtu kukasirika."

Majidi alichuchumaa. "Liliniharibikia Nzega, wakati nalileta. Lilichemka mpaka moshi ukajaa. Fundi mmoja akatoa kidude fulani, akasema sasa litafika. Likafika. Taa ya injini ikawa haizimiki, akaitoa na hiyo." Aliokota kijiwe, akakitupa. "Nilipolinunua kule Dar, niliuliza kama mlivyouliza. Muuzaji alinichekesha. Nilicheka sana, watani. Nikalipa."

"Ukaona utuchekeshe na sisi," Lukumani alisema. Sauti yake ilikuwa na uchungu.

"Nikaona nitoke kwenye hasara. Sikufikiria viti vyenu. Nisameheni."

Lukumani aliinuka, akajipangusa nyasi. "Nimekusamehe. Lakini kitenge cha mke wangu cha Idi utatoa wewe."

"Viwili," Majidi alisema, na wote wakacheka, hata Veneranda. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka.

Injini ilipopoa waliongeza maji, wakalirudisha gari polepole, wakisimama njiani mara mbili. Njiani Majidi alimuuliza Veneranda kama linaponyeka.

"Linaponyeka. Tunafungua hedi, tunapima kama imepinda, tunaweka gasketi mpya, themostati, na dawa ya rejeta. Bei siwezi kuitaja kabla ya kufungua. Anayekutajia bei ya injini bila kuifungua anakisia."

Ijumaa bwana wa Igalula alipiga simu. Lukumani alipokea mwenyewe. "Viti haviuzwi," alisema. "Lakini ukiwa na shughuli, tunakukodisha." Hafsa alikuwa anafunga utepe. Alisikia, akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye maua. Alikuwa amevipenda viti vile kuliko alivyojua.

Gari la Majidi lilikaa kwa Veneranda wiki tatu. Liliporudi lilikuwa na risiti zake zote kwenye bahasha, na taa ya injini imerudishwa. Lukumani hakulinunua. Walikubaliana jambo jingine. Gari libaki la Majidi, Hafsa alipambe na kulitafutia harusi, na mapato wagawane. Viti vinakwenda harusini pamoja nalo. Watu waliokuwa wanakuja kwa kitu kimoja sasa wanachukua vyote, na suti juu yake.

Siku moja kabla ya harusi ya kwanza, Majidi alikuja dukani jioni. Aliweka ufunguo juu ya cherehani ya Lukumani.

"Shikeni, watani," alisema. "Lilale baridi. Kesho mlipime wenyewe."

"Hata hujaambiwa!" Hafsa alisema.

"Mzaramo anajifunza, ingawa mwalimu wake Mnyamwezi."

Asubuhi Hafsa alitoka na kikapu cha maua meupe. Alimkuta mumewe ameshatangulia, ameweka mgongo wa mkono juu ya boneti.

"Likoje?"

"Baridi," Lukumani alisema. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kipande cha kitambaa cha suti.

Hafsa aliweka kikapu chini, akashika tochi. Walitazama maji, oili na moshi. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukatulia. Ndipo wakafunga boneti, wakaanza kufunga maua.